Mbwa, ugali na idadi ya nakala za jeni

Mbwa wangu anakula ugali na ananawiri. Si tunaambiwa mbwa ni mla nyama?

Ukoo wake ni wa wala nyama, ila mwili umebadilika tangu aanze kuishi na watu. Wanga wa ugali huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kwa mbwa hutoka kwenye kongosho. Jeni yake, yaani maagizo ya kurithi ya kukitengeneza, huitwa AMY2B. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha mbwa na mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za baridi. Mbwa mwitu waliopimwa walikuwa na nakala 2 tu za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mbwa walikuwa nazo kati ya 4 na 30!

Nakala zikizidi, nini hubadilika?

Kila nakala husomwa na seli, kama mafundi kadhaa wanaoshona sare ileile kwa wakati mmoja. Kimeng'enya hakiwi bora zaidi, kinakuwa kingi. Lakini amilesi ni hatua ya kwanza tu: vipande vya wanga lazima vivunjwe tena viwe glukosi, yaani sukari ndogo kabisa, kisha glukosi ipenye ukuta wa utumbo. Hatua moja ikiongezwa nguvu na zinazofuata zikabaki dhaifu, faida ni ndogo. Kwa mbwa, jeni za hatua hizo nazo zina dalili za kubadilika.

Na binadamu?

Tafuna ugali mtupu bila kumeza: baada ya muda utaonja utamu kidogo. Hiyo ni amilesi ya mate, ya jeni AMY1. Utafiti wa mwaka 2007 uliwahusisha majirani wawili wa Tanzania, Wahadza wachimba mizizi na Wadatoga wafugaji. Kwa wastani, jamii zinazokula wanga mwingi, Wahadza wakiwemo, zilikuwa na nakala nyingi zaidi.

Basi nyingi ni nzuri?

Hapana, inategemea jeni. Mtu aliyezaliwa na hali iitwayo Down ana kromosomu namba 21 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) tatu badala ya mbili, hivyo mamia ya jeni huzidi kwa pamoja. Mojawapo, APP, huchangia ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, kuwapata wenye Down mapema kuliko watu wengine.

Nimlishe mbwa ugali mtupu?

Usifanye hivyo. Amilesi humsaidia kupata nguvu kutoka kwenye wanga, haimpi protini. Changanya dagaa au maini yaliyochemshwa, hasa kwa watoto wa mbwa na mama anayenyonyesha. Ugali uive vizuri, na mchuzi usiwe na vitunguu, kwa sababu huharibu chembe zake nyekundu za damu.