Umeme wa mto: dhana potofu zinazoharibu makadirio

Anayetaka kufua umeme kwenye mto mara nyingi huanza na jicho na sikio. Maji yanakimbia, yanatoa povu, yananguruma, basi anaamini umeme upo. Turbini, yaani gurudumu linalozungushwa na maji, inanunuliwa kabla hata ndoo moja haijajazwa kwa kipimo, na baadaye taa zinawaka kwa kusitasita.

Dhana: mto ukienda kasi, umeme ni mwingi.

Ukweli ni kwamba kasi peke yake hubeba nguvu ndogo kuliko inavyoonekana. Chukua mkondo wa mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Kila mita 1 ya mraba ya mkondo huo ina wati 500 tu. Na hizo hazichukuliki zote. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba turbini iliyo wazi ndani ya mkondo haiwezi kuvuna zaidi ya asilimia 59.3, kwa sababu maji yakinyang'anywa mwendo wote yatasimama na kuyazibia njia yanayofuata. Mitambo midogo hupata karibu theluthi, au chini ya hapo. Tuseme wati 150.

Sasa maji yaleyale, mita 1 ya ujazo kila sekunde, yapitishe kwenye bomba yaangukie turbini iliyo mita 3 chini. Nguvu iliyomo ni kilowati 29, na hata nusu ikipotea njiani unabaki na zaidi ya kilowati 14. Hiyo ni karibu mara 100 ya ile ya mkondo wazi, na maji hayakuongezeka hata tone. Kilichoongezeka ni kimo, yaani umbali wa wima ambao maji yanashuka.

Kasi ina heshima yake pale ambapo hakuna mteremko. Ikizidi mara 2, nguvu ya mkondo huwa mara 8. Lakini kanuni hiyohiyo huadhibu kipimo kibaya: ukiikadiria kasi kwa asilimia 10 zaidi ya ilivyo, makadirio ya nguvu yanazidi kwa asilimia 33. Na usipime kwa kipande cha mti kinachoelea kisha ukaamini jibu moja kwa moja. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kasi uliyopata kwa 0.85, na kwa mto wenye mawe mengi shuka zaidi.

Dhana: kijito kidogo hakina faida.

Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi, watu wakipita kando ya kijito cha mlimani wakienda kutazama mto mpana wa bondeni. Hesabu yake ni nyepesi: lita kwa sekunde, mara mita za kimo, mara 9.81, unapata wati zilizomo. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, una lita 2 kwa sekunde. Kwa kimo cha mita 30 hizo ni wati 589. Kata nusu kwa ajili ya bomba, turbini na jenereta, maana ufanisi wa asilimia 90 unaosifiwa ni wa turbini kubwa, si wa mtambo mdogo mzima. Zinabaki kama wati 300, usiku na mchana. Kwa saa 24 hizo ni takriban yuniti 7.

Kimo hupimwa wima. Bomba la mita 200 linaloshuka mita 30 lina kimo cha mita 30.

Dhana: bomba likibanwa, nguvu huongezeka.

Mdomo mwembamba mwishoni mwa bomba hugeuza presha kuwa kasi, basi. Hauzalishi kitu. Bomba jembamba njia nzima ni balaa: kipenyo kikipungua nusu, maji yakiwa ni yaleyale, msuguano hula kimo karibu mara 32 zaidi. Funga kipimo cha presha karibu na turbini. Valvu ikiwa imefungwa, kwa mita 30 kitasoma karibu bari 3. Fungua, utazame mshale ukishuka. Kiasi ulichoshuka ndicho bomba linachomeza. Ukishuka zaidi ya theluthi, kuzidi kufungua hupunguza umeme badala ya kuuongeza.

Dhana: maji ya tangi la nyumbani yanaweza kuwasha nyumba.

Lita 1,000 zilizo juu mita 10 zina saa-wati 27, za kuwasha balbu ya wati 9 kwa saa 3, tena kama hakuna kinachopotea. Pampu iliyoyapandisha ilikula zaidi ya hapo. Hata mabwawa makubwa yanayopandisha maji makusudi ili kuhifadhi umeme hurudisha asilimia 70 hadi 80 tu ya kilichotumika. Anayekuuzia mtambo unaojirudishia maji wenyewe, mwambie aukate umeme wa nje kwanza, kisha msubiri pamoja.

Dhana ya mwisho ni kwamba kipimo kimoja kinatosha. Kilichopimwa masika kitakudanganya kiangazi. Pima mto ukiwa umepungua kabisa, toa sehemu ya maji inayopaswa kubaki kwa samaki na kwa walio chini ya mto, na kinachosalia ndicho cha kuchagulia turbini.