Nyota Kumeta Si Kuzimika

Hapa Uyole, usiku wa baridi wa Juni kukiwa hakuna wingu, utamsikia mzee akimwambia mjukuu wake: "Ile inayometameta inakaribia kuzimika." Tumelisikia tangu utotoni, lakini si kweli. Kumeta kunatokana na hewa yetu. Mwanga wa nyota hupita kwenye matabaka ya hewa ya joto na ya baridi yanayosukumana, ukapindwapindwa hadi ufike jichoni. Washa jiko la mkaa, kisha tazama kitasa cha mlango kwa juu ya makaa: utakiona kinachezacheza, na kumbe kimetulia. Ndiyo maana nyota zilizo chini, karibu na mgongo wa mlima Loleza, humeta kuliko za utosini. Mwanga wake umepita kwenye hewa nyingi zaidi.

Nyota zinazobadilika kweli zipo, na nyingi hazionekani kwa macho matupu. Ninayoipenda ni AE Aquarii, katika kundi la Ndoo, ambalo Septemba huwa juu ya mapaa yetu mapema usiku. Ni nyota mbili zinazozungukana kwa karibu saa 10. Moja ni nyota kibete nyeupe, kiini chenye joto kali kilichobaki baada ya nyota kwisha, ukubwa wake takriban kama Dunia, nayo hujizungusha mara moja kila sekunde 33. Hesabu polepole hadi 33: imeshageuka! Gesi ya mwenzake inapoifikia, usumaku wake unaozunguka kasi huitupa nje, na mwanga hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Bila darubini, huioni kabisa.