Kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, wapo wanaoamini kwamba maji yakichemka sana, floraidi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia, huisha. Haiishi. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa ajili hiyo endelea kuchemsha. Ila floraidi haipandi na mvuke. Chukua sufuria ya lita 5 za maji yenye miligramu 3 za floraidi kwa lita: jumla miligramu 15. Yakibaki lita 4, kila lita ina 3.75. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

Njia moja ya kuiondoa ni utando wa osmosisi kinyume. Pampu husukuma maji kwenye utando wa poliamidi, aina ya plastiki. Maji hupenya, sehemu kubwa ya floraidi na chumvi hubaki nyuma na kutoka na maji ya mabaki. Hayo mabaki usiyapikie kabisa! Klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, huuharibu utando huo, ndiyo maana chujio la mkaa hutangulia ili kuiondoa, na lisipobadilishwa kwa wakati utando ndio unaoumia. Chokaa nayo huuziba, mtiririko ukapungua. Pima chumvi ya maji yanayoingia na yanayotoka: tofauti ikiwa ndogo kuliko siku ya kwanza, utando umechoka au mpira wa kuzuia uvujaji umelegea.