Kukubali Udhaifu Wako: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Anayekiri udhaifu wake hupoteza heshima.

Dhana hii ina mizizi mirefu kwetu Uganda, hasa miongoni mwa wazazi, walimu na viongozi wa vikundi, ambao wengi wao wamelelewa kuamini kwamba mkubwa hakosei mbele ya wadogo. Tumfikirie mweka hazina wa kikundi cha akiba mjini Bombo ambaye hesabu ya riba humchanganya. Akinyamaza kwa kuogopa aibu, kosa dogo la mwezi wa kwanza litazaa mengine, na siku ya kugawana fedha wanachama watakuta pengo lisilo na maelezo. Hapo hawatasema kwamba hajui hesabu, watasema ameiba. Lakini akisema mapema, "Ndugu zangu, hesabu ya riba naikosea, naomba mmoja wenu tuikague pamoja," atavumilia aibu ya dakika chache tu, na daftari litabaki salama. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Dhana: Hakuna anayenijua kuliko ninavyojijua mwenyewe.

Ni kweli kwamba hofu zetu na nia zetu tunazijua sisi kwanza. Kuhusu uwezo wetu, mambo ni tofauti. Mwaka 1999, David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani waliwapima wanafunzi katika mambo kama mantiki na sarufi, kisha wakawataka wakadirie walivyofanya. Waliokuwa katika robo ya mwisho, ambao kwa wastani waliwapita wenzao 12 tu katika kila 100, walidhani wamewapita takriban 62. Sababu waliyoitoa ni kwamba ujuzi unaohitajika ili kufanya jambo vizuri ndio huohuo unaohitajika ili kutambua kwamba umelifanya vibaya. Nyani haoni kundule, na ndiyo maana kujitafakari peke yako chumbani hakutoshi: muulize mke au mume wako, au mwenzako wa kazini, swali lililo wazi, kwa mfano, "Ni lini nilipokukatiza usemi wiki hii?" Kisha usijitetee anapojibu. Kwa maoni yangu, hapo pa kutojitetea ndipo pagumu kuliko pote.

Dhana: Kujilaumu vikali ndiko kunakomrekebisha mtu.

Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwaka 2012 majaribio yanayoonyesha kinyume chake. Wanafunzi waliofanya vibaya katika mtihani mgumu wa msamiati, kisha wakaelekezwa kujitazama kwa huruma, walitumia muda mrefu zaidi kusoma kabla ya mtihani wa pili kuliko wenzao ambao hawakuelekezwa hivyo.

Dhana: Kukubali udhaifu ni kukata tamaa.

Walioshuhudia mbio za nyika za dunia pale Kololo, Kampala, tarehe 26 Machi 2017, hawajasahau. Joshua Cheptegei, kijana wa miaka 20 kutoka Sebei, aliongoza huku umati ukimshangilia, lakini katika mzunguko wa mwisho miguu ikamwishia nguvu na akamaliza wa 30, mbele ya watu wake mwenyewe. Matokeo hayo hayakuonyesha kwamba hana kipaji, bali kwamba siku ile nguvu zake ziliisha kabla ya utepe. Tofauti kati ya hukumu hizo mbili ni kubwa mno, kwa sababu ya kwanza humfungia mtu mlango na ya pili humpa jambo la kufanyia kazi. Mwezi Agosti mwaka uleule alipata medali ya fedha ya mita 10,000 mjini London. Mwaka 2019 alishinda mbio hizohizo za nyika huko Aarhus, Denmark. Na mwaka 2020 aliweka rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000.

Kwa hiyo, anayesema "ndivyo nilivyoumbwa" kila anapomkaripia mtoto hajaukubali udhaifu wake. Ameyafunga mazungumzo tu. Wakati huohuo, si kila udhaifu huondoka kwa bidii. Yule mweka hazina wa Bombo huenda akaielewa hesabu ya riba kwa mwezi mmoja, na huenda isimwingie kamwe. Ikiwa haitamwingia, kukubali kwake kutakuwa kumwachia mwenzake daftari la riba, naye abaki na kazi anayoiweza, ya kuwafuata wadaiwa kwa upole hadi walipe.