Nairobi hadi New York: kwa nini kwenda ni kurefu kuliko kurudi

Shangazi yangu hupokea wageni kutoka Marekani kila Desemba, na hakosi kunipigia simu: "Mwanangu, wakija ni saa kumi na nne, wakirudi ni kumi na tano. Njia si ni ile ile?" Kazi yangu ni kupanga safari za ndege: njia, mafuta na uzito, kabla marubani hawajapanda. Swali lake nalipenda, maana ndilo ninaloanza nalo kila zamu.

Umbali haubadiliki. Chukua tufe la dunia, uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York: utapata kama kilomita 11,840. Ukipiga mstari kwenye ramani ya ukutani, utadhani ndege inapita Kongo, Nigeria na Mauritania. Uzi wa tufe unapanda kaskazini zaidi, juu ya Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Moroko, kisha unaingia baharini na kupita karibu na visiwa vya Azores. Njia tunayoiandika hukengeuka kidogo kwa ajili ya hali ya hewa au anga iliyofungwa.

Kinachobadilika ni upepo. Juu kule, kwenye kilomita 10 na zaidi, kuna mikondo yenye nguvu inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini huwa mikali zaidi. Boeing 787 hukata hewa kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa. Tuseme upepo ni kilomita 40 kwa saa kwa wastani wa safari nzima. Ukiukabili, unabaki na 860, na safari inachukua saa 13 na dakika 46. Ukikusukuma, unapata 940, na unafika kwa saa 12 na dakika 36. Hizo ni dakika 70, kwa upepo wa kawaida tu! Saa za kwenye tiketi ni ndefu zaidi kwa sababu zinahesabu pia muda wa ndege kutembea ardhini uwanjani, kupaa, kushuka na foleni ya kutua.

Kwenda kuna mzigo mwingine, nao ndio unaoninyima usingizi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi: mabawa hayapati nguvu ya kutosha, injini nazo hupungukiwa, na jua la mchana huzidisha tatizo. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inataka hewa baridi ya usiku. Uzito ukizidi, tunapunguza mizigo, wakati mwingine hata viti vinabaki wazi. New York iko usawa wa bahari, kwa hiyo huko ndege hupaa kwa urahisi zaidi.

Kenya Airways ilipoanza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kwa 787-8, iliwaondolea abiria kazi ya kubadilisha ndege Ulaya au Ghuba. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine: abiria anayeondoka Nairobi saa tano usiku hufika New York alfajiri, akiwa amekaa gizani karibu safari nzima, kwani ndege inalikimbia jua kuelekea magharibi.

Shangazi, usiangalie saa ya kwenye tiketi. Angalia muda wa kutua unaokadiriwa baada ya ndege kupaa New York. Hapo upepo wa siku hiyo umeshahesabiwa.