Ushauri wa kazi uanze kidato cha pili, usisubiri selform

Katika shule nyingi za sekondari za Mtwara na Lindi ambako mimi hushirikiana na walimu wa ushauri na unasihi, habari za kazi huzungumzwa rasmi kwa mara ya kwanza siku mwanafunzi anapokabidhiwa selform, yaani fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya baada ya kidato cha nne. Wakati huo yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa u mlangoni, naye anatakiwa kutaja tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita) na vyuo anavyovitaka. Ninavyoona mimi, uamuzi mzito kuliko huo ulikwisha kupita alipoingia kidato cha tatu na kuruhusiwa kuacha baadhi ya masomo, na hapo mara nyingi hakuwepo mtu wa kumshauri.

Binti mmoja wa kidato cha nne kutoka wilaya ya Tandahimba alinieleza, bila kusitasita, kwamba anataka kuwa muuguzi. Tuliufungua pamoja mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, tukashuka kwa kidole hadi kwenye sifa za kujiunga na kozi ya uuguzi na ukunga: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kemia na Baiolojia alikuwa nazo. Fizikia aliiacha mwanzoni mwa kidato cha tatu kwa kuwa rafiki zake wote waliiacha, na kwa kuwa shuleni hapakuwa na mwalimu wa somo hilo. "Mwalimu, mbona hatukuambiwa?" aliniuliza. Ukurasa ule ungeweza kusomwa darasani mwao walipokuwa kidato cha pili, na kazi yenyewe isingezidi kipindi kimoja.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka, kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, katika sekondari ya chini, hivyo kwa baadhi ya watoto njia zinagawanyika tangu kidato cha kwanza. Mzazi anayedhani kwamba amali ni mahali pa walioshindwa atamwondoa mwanawe huko kabla hajajua kinachofundishwa.

Ushauri mzuri unahitaji pia taarifa sahihi za ajira za hapa kwetu, na hapa gesi ndiyo mfano wenye mafunzo mengi. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, kisha Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Hadi leo vijana huniambia kwamba wanataka "kazi za gesi", lakini nikiuliza kazi gani hasa, wengi hunyamaza. Wanastahili kuelezwa wazi kwamba ujenzi wa bomba na mitambo huajiri watu wengi kwa muda, ilhali uendeshaji wa mtambo kama ule wa kuchakata gesi wa Madimba, Mtwara, unahitaji watu wachache wenye ujuzi maalumu: mafundi umeme, mafundi mitambo, wachomeleaji waliothibitishwa, wataalamu wa usalama kazini. Mwanafunzi anayelijua hilo atavitazama vyuo vya ufundi stadi vya VETA kwa jicho jingine, wala hatasubiri mradi mkubwa utangazwe ndipo aanze kujiandaa.

Korosho, ambayo ndiyo inayolipa ada za wengi wao, haitajwi kabisa kama uwanja wa taaluma. Na bado katika Manispaa ya Mtwara kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Naliendele, ambako wataalamu huzalisha mbegu na kuchunguza magonjwa ya mikorosho; vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima (AMCOS) vinahitaji wahasibu wanaoaminika; maghala yanahitaji watu wa kupima unyevu na ubora kabla ya mnada. Ningependa kila darasa la kidato cha pili limsikilize angalau mtafiti mmoja na mhasibu mmoja wa AMCOS, kila mmoja akieleza alisoma masomo gani na alikwama wapi.

Nchini Uingereza, vigezo vinane vilivyotolewa na taasisi ya Gatsby mwaka 2014 vinataka, pamoja na mengine, kila mwanafunzi akutane ana kwa ana na mshauri kabla hajatimiza miaka 16, na tena kabla ya miaka 18. Wao wana washauri waliosomea kazi hiyo. Sisi tunaye mwalimu mwenye vipindi tele na madarasa yaliyofurika, kwa hiyo siwezi kudai ukubwa wa huduma yao, ila mpangilio wao wa wakati naukubali kabisa: mazungumzo ya kwanza hutangulia uamuzi.

Wazazi nao waitwe mwezi Julai au Agosti, kabla msimu wa korosho haujawapeleka mashambani. Waelezwe gharama bila kufichwa, na waambiwe kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo hukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kwani wapo wanaoliondoa wazo la chuo nyumbani kwa hofu ya ada pekee.

Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika, mwalimu mmoja achapishe kurasa za sifa za kujiunga na kozi zinazoulizwa zaidi, azibandike nje ya madarasa ya kidato cha pili, na azibadilishe kila mwongozo mpya wa udahili unapotoka, kwa kuwa sifa hizo hurekebishwa.