Chupa ya soda na mwamba

Kilele cha Mount Washington, mita 1,917, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kimejaa mawe yaliyovunjwa na baridi. Shuleni tuliambiwa maji huganda kwenye ufa, hutanuka asilimia 9, jiwe linapasuka kama chupa ya soda iliyosahaulika kwenye friza. Mfano mtamu, ila chupa imefungwa. Ufa mara nyingi uko wazi, na barafu hupata pa kutokea.

Karibu mwaka 1930, mwanajiolojia Mmarekani Stephen Taber aligandisha udongo uliolowa benzeni, kimiminika kinachosinyaa kikiganda. Udongo ukavimba vilevile! Kumbe uvimbe hauhitaji kimiminika kutanuka kikiganda: barafu ndani ya udongo au mwamba huvuta maji kutoka sehemu ambazo bado hazijaganda, ikanenepa taratibu na kuutanua ufa. Ndiyo maana baridi ya wastani inayokaa muda mrefu yaweza kuvunja mwamba zaidi kuliko usiku mmoja wa baridi kali.